Nyeupe Isiyo Pe

Nyumba hupakwa rangi, gari hupigwa rangi. Najua kwamba Kiswahili hupiga mambo mengi, simu na pasi na mswaki na hodi, na sitaki kukibebesha kitenzi kimoja mzigo usio wake. Hata hivyo mtu aliyezoea brashi atakiona kitenzi hiki kina haki yake siku atakaposhika bomba la kupulizia rangi kwa mara ya kwanza. Mpakaji huugusa ukuta, na mkono wake huujua. Mpigaji haruhusiwi kugusa. Husimama umbali wa shibiri moja na kitu anachokipiga, na katika shibiri ile ndimo ilimo kazi yote. Akisogea karibu, rangi hulowana na kuteremka michirizi. Akirudi nyuma, rangi hukauka hewani kabla haijafika, ikatua kama vumbi la cherehani ya seremala.

Mlango nilioupiga rangi mimi ulikuwa wa Toyota Corolla ya mdogo wangu wa kike, mjane anayekaa jirani nami huku Yombo Vituka, wilayani Temeke. Lori lilirudi kinyumenyume likaukunja mlango wa nyuma upande wa kushoto. Mdogo wangu akaenda Ilala, kwenye maduka ya spea zilizotumika, akapata mlango mzima wa gari la aina ile ile, usio na kutu wala bonde. Gari lake ni jeupe. Mlango ule ulikuwa wa kijani cha kiza. Fundi aliomba shilingi 150,000 kuupiga rangi. Fedha hizo yeye hakuwa nazo, nami sikuwa nazo, ila nilikuwa na siku kumi zisizo na kazi ya kufasiri. Gari lilitakiwa liuzwe kabla ya Septemba, kwani mwanawe alikuwa akingojewa chuoni na ada.

Sharti nieleze hapa jambo ambalo wasomaji wa visiwani huenda wanalijua kama tunavyolijua sisi wa Dar es Salaam. Katika biashara ya magari yaliyotumika kuna sentensi moja yenye thamani kuliko redio na viti vya ngozi: gari hili halijarudiwa rangi. Maana yake ni kwamba gari halijagongwa, halijapinduka, halijalala mtoni wakati wa mafuriko. Rangi ya kiwandani ni shahidi wa gari. Basi mtu anayepiga rangi mlango wa gari linalouzwa anaingilia ushahidi, atake asitake. Jambo hili sikulifikiria siku ya kwanza, na mdogo wangu alikuwa na ada tu kichwani.

Nilikwenda kwanza kwa fundi huyo huyo, nikamweleza wazi kwamba kazi nitaifanya mwenyewe ila nataka anifundishe na anichanganyie rangi, nami nitamlipa kwa hayo. Gereji yake iko Tandika, chini ya mwarobaini. Watu huziita gereji za namna hii gereji bubu, kwa kuwa hazina leseni wala kibao. Sijapata kuona ububu wenye kelele kama ule: nyundo juu ya bati, kompresa, redio mbili zenye stesheni mbili, na muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Aliyelitunga jina hilo alikuwa anatazama makaratasi, hakuwa anasikiliza.

"Shikamoo mzee," fundi alisema, na bila ya kungoja marahaba yangu ikamilike akauliza, "Gari namba ngapi?"

Nilidhani anauliza namba ya usajili. Akafungua boneti mwenyewe, akanionyesha kibati kidogo kilichopigwa chapa huko Japani. Mbele ya herufi C/TR palikuwa na tarakimu tatu, 040. Hiyo ndiyo rangi ya gari, na nyeupe hiyo Toyota wameipiga kwenye magari yao kwa miaka mingi mno. Ukisimama Mbagala Rangi Tatu kwa nusu saa utahesabu 040 hadi uchoke. Nikafurahi. Nilidhani tumekwisha: namba inajulikana, duka linajulikana, kopo linanunuliwa.

Fundi alichukua bati dogo alilokuwa amelipiga 040 mpya, akaliegemeza kwenye mlango wa mbele wa gari. Kiswahili kina viambata vya rangi ambavyo mfasiri yeyote wa kigeni hukata navyo tamaa: nyeusi ti, nyekundu ndu, nyeupe pe. Lile bati lilikuwa jeupe pe. Gari lilikuwa jeupe, basi. Jua la Dar es Salaam lilikwisha kuila ile pe. Rangi nyeupe ikikaa juani kwa miaka hubadilika. Gundi iliyoshika chembe zake huchoka, uso wake hufanya unga, na weupe huelekea kwenye manjano hafifu ambayo jicho halioni mpaka liwekewe kitu kipya kando. Nilipitisha kidole kwenye paa la gari, kikatoka na unga kama wa chokaa ya ubaoni.

"Namba ni ya siku lilipozaliwa," fundi alisema. "Wewe unataka rangi ya leo."

Wafasiri tuna ugomvi huu tangu zamani, na sikutarajia kuukuta Tandika. Mtu afuate matini kama ilivyotoka kwa mwandishi wake siku ile, au aifuate lugha ya wasomaji waliosimama mbele yake? Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imerekebishwa, hata jina limebadilika kuwa Juliasi Kaizari. Shakespeare hakuwa amebadilika katika miaka ile sita. Mimi kwa kawaida huwa upande wa matini. Nimegombana na wahariri kwa ajili ya matini. Lakini mlango mpya wa 040 kamili, ukikaa katikati ya gari lililochujuka, ungekuwa kweli kwa kibati na uongo kwa macho. Nilimwambia fundi aifuate gari.

Alifanya kazi hiyo kwa jicho, bila mizani. Katika nyeupe alitia tone la manjano, akakoroga kwa kijiti, akapaka kidogo kwenye bati, akalipungia hewani likauke, kwani rangi mbichi na rangi kavu si moja. Akatikisa kichwa. Akatia tone la nyeusi. Tone la nyeusi katika nyeupe! Ningelizuia kama ningethubutu. Hutia nyeusi ili kuushusha ukali, na kama jicho si makini rangi yote hugeuka majivu papo hapo. Mara ya nne aliligeuza bati juani, akalipeleka kivulini, akalirudisha, akasema, "Hii hapa." Sikuweza kuona mpaka baina ya bati na gari.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshauriana juu ya aina ya rangi. Ya bei nafuu kuliko zote ni rangi ya mafuta, ile inayopakwa milango ya nyumba na baiskeli, na kwa brashi nzuri mwanafunzi mvumilivu huweza kupata uso wa kuridhisha. Tusiidharau. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, ambaye hakufundishwa uchoraji na mtu, alianza mwaka 1968 huko Oyster Bay, Kinondoni, kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi hiyo hiyo ya baiskeli. Alikufa mwaka 1972, na mtindo wake bado unawalisha watu. Lakini ndege wa Tingatinga hawakuhitaji kufanana na mlango wa jirani. Rangi ya mafuta hukauka polepole, na vumbi la Yombo halingojei.

Tukachagua rangi ya selulosi. Hii ina historia ambayo mshairi haiachi ipite. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia viwanda vya Marekani vilibaki na nitroselulosi tele, malighafi ya baruti. Kampuni ya DuPont ikaifanya rangi, ikaiita Duco, na magari ya Oakland ya mwaka 1924 yakatoka nayo yakiwa ya buluu. Kabla ya hapo bodi ya gari ilipakwa vanishi na kungojewa wiki kadhaa ikauke. Ford yeye alikata shauri, na Model T zake kuanzia 1914 hadi 1925 zilikuwa nyeusi tu. Rangi ya selulosi hukauka kwa kuondoka tina, basi, katika dakika chache. Haigeuki kuwa kitu kingine. Hata baada ya miaka, ukiipangusa kwa kitambaa chenye tina, inayeyuka na kukurudia mkononi. Na haijasahau asili yake ya baruti: jiko la mkaa, sigara na taa ya kibatari vikae mbali, mbali sana.

Kazi iliyokula siku nyingi haikuwa ya rangi. Siku sita kati ya kumi nilikuwa na msasa mkononi. Neno hili tumelisahau lilikotoka. Msasa ni mti, na majani yake ni makavu yenye kukwaruza. Maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kuja na kulirithi jina. Sasa msasa una namba, na namba ikipanda ukali unashuka, jambo ambalo wanafunzi wote hulikosea dukani. Niliung'oa ushikio na mpira wa kioo, nikauosha mlango kwa sabuni mara mbili, kwa sababu nta na mafuta ya vidole vikibaki chini, rangi itakayokuja juu itavikimbia na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Kisha namba 180 kwenye mikwaruzo iliyofika kwenye chuma, puti kidogo katika kibonde kimoja nilichokigundua kwa kiganja wala si kwa macho, 240 juu ya puti, halafu andakoti ya kijivu, halafu msasa wa maji namba 400 hadi mlango ukawa kama yai.

Fundi alinifundisha hila moja ninayoithamini. Juu ya andakoti hupulizwa rangi nyeusi nyepesi, vumbi tu. Kisha husuguliwa. Penye mwinuko weusi huondoka mara moja. Penye bonde weusi hubaki. Mlango nilioapa kwamba umenyooka ulinionyesha madoa meusi matatu, nikarudi kwenye puti.

Kwa neno andakoti nilipata taabu ya kitaaluma. Wazee wetu wa majahazi wana deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chini ya chombo, na wana sifa, mafuta ya samaki ya kupaka mbao. Nilimshauri fundi kwamba andakoti tungeweza kuiita deheni. Akafikiri kwa adabu, akauliza, "Deheni wanaweka juu yake rangi?" Nikasema la, deheni ndiyo ya mwisho, inagusana na maji. "Basi siyo," akasema. Alikuwa na haki. Kamusi haiwezi kumkopesha fundi neno linaloelekea upande usio wake.

Lakini kuna maneno yaliyokuwa yakimpita yeye, na hayo si ya mchezo. Siku niliyokwenda kuchukua rangi alikuwa akichanganya, kwa ajili ya gari la mteja mwingine, rangi ya namna nyingine, ile inayotiwa hadena ikakauka ngumu. Kopo la hadena lilikuwa limeandikwa Kiingereza tupu kwa herufi ndogo. Kwa mazoea yangu nikasoma, na kwa mazoea yangu nikafasiri kwa sauti: ina isosianati, yaweza kusababisha pumu, aliyekwisha kuathirika asiitumie tena, pumua kwa kifaa maalumu. Fundi alikuwa amejifunga kipande cha fulana puani. Nikamweleza kwamba kitambaa huzuia matone makubwa tu, mvuke haukijui. Hata barakoa ya mpira yenye chujio la mkaa, ambayo inafaa kwa tina na rangi kama yangu, haitoshi kwa hadena ikipulizwa siku nzima, na viwanda huwapa wapigaji hewa safi kwa mpira kutoka nje. Akanisikiliza hadi mwisho. Vijana wake wawili nao wakasogea.

"Hiyo ya mkaa inauzwa wapi, mzee?"

Nilimpeleka Kariakoo siku ya pili tukanunua mbili, moja yangu na moja yake. Vijana ni wawili, na yeye watatu. Nimelifikiria sana kopo lile. Ni matini iliyoandikwa kwa ajili ya kuokoa mapafu ya mtu, imesafiri baharini hadi mikononi mwake, na imekaa hapo miaka ikiwa bubu kuliko gereji. Mashairi niliyoyafasiri maishani mwangu hayajawahi kuulizwa yanauzwa wapi.

Siku ya kupiga rangi tuliichagua katika Julai kwa makusudi. Wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam ina maji mengi. Tina inapoondoka kwenye selulosi huupoza uso wa chuma, unyevu wa hewani huganda juu yake, na rangi hupata ukungu. Kipupwe ni kikavu zaidi. Lakini kusi huamka na mchanga, kwa hiyo mtu ana saa mbili hivi baina ya umande kuondoka na upepo kushika kasi. Niliumwagia uwa maji ili vumbi litulie, nikautundika mlango kwenye kamba ya mkwaju, nikawapeleka wajukuu kwa jirani. Kompresa ilikuwa ya kukodi. Nilikwisha kufanya mazoezi siku mbili juu ya bati bovu la paa, na michirizi yangu yote ilibaki huko.

Mkono huenda sambamba na mlango, kwa bega. Kifundo kikizunguka, katikati panapata rangi nyingi na pembeni kunakosa. Mpulizo huanza kabla ya ukingo na kuisha baada ya ukingo. Kila mstari hulalia nusu ya ule uliotangulia. Koti la kwanza ni jepesi hata kijivu kinaonekana, na hapo ndipo mwanafunzi hutamani kuongeza, na hapo ndipo asiongeze. Dakika kumi. Koti la pili. Nilikuwa nikimaliza la tatu umeme ulipokatika, na hewa iliyobaki kwenye tangi ikanifikisha ukingoni kwa kiasi cha kuhesabu pumzi. Nyuki mmoja alitua juu ya rangi mbichi. Nilimwacha hadi ikakauka.

Baada ya wiki nikausugua kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arishia, tukaufunga. Mdogo wangu alizunguka gari mara mbili. Kisha akafungua mlango, akaona.

Kingo za ndani, zile zinazofichika mlango ukifungwa, sikuzipiga. Zilikuwa za kijani.

"Kaka, hapa hukumaliza."

Nikamwambia nimemaliza. Atakayefungua mlango ataona kwamba mlango huu umetoka kwenye gari jingine, na asiyefungua hana haja ya kujua. Alinitazama kwa muda. "Unaniuzia gari," akasema, "au unaniandikia shairi?" Alikuwa na hoja, na aliisema yote: kwamba ada haingojei, kwamba gari halikupinduka, mlango tu, kwamba muuzaji gani mwingine Dar es Salaam anamwachia mnunuzi kijani cha kumpunguzia bei, kwamba ukweli ule haukuwa wangu wa kuutoa sadaka, ulikuwa wake. Hili la mwisho lilinigusa, na bado linanigusa. Nikamwambia kopo lina rangi ya kutosha na kompresa ipo hadi jioni; akiamua, nitazipiga. Akaufunga mlango, akaenda kupika. Jioni kompresa ilirudi kwa mwenyewe bila ya kuwashwa.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa mwalimu kutoka Tegeta, pamoja na fundi wake. Fundi yule alilizunguka gari akigonga kwa kifundo cha kidole, akapita mlango wangu kama alivyoipita mingine. Kisha mwalimu akafungua mlango wa nyuma aone viti.

"Kijani hiki?"

Mdogo wangu akamwambia: lori, mwezi wa tano, mlango wa Ilala. Fundi wa mwalimu akatoa kitambaa mfukoni, akakilowesha kwa tina, akasugua pembeni chini kabisa, kikatoka cheupe. Akakinusa. Akauliza nani amechanganya rangi hii. Nikamtaja fundi wa Tandika. Wakateta kidogo chini ya mkwaju, wakarudi na bei pungufu kwa shilingi 300,000, na mdogo wangu akazikata nusu kwa maneno yasiyozidi kumi.

Ada ililipwa, na pengo alilijaza kwa mchezo wa akina mama wa mtaa. Rangi iliyobaki, kama robo lita, nilikuwa nimeihifadhi chini ya kitanda hadi fundi alipokuja kuiomba. Amepata bampa ya teksi ya 040, anasema, ya rika moja na gari letu. Nilimuuliza habari ya ile barakoa. Anaivaa yeye asubuhi, na vijana wanapokezana mchana.